Siku Nilipochomoa Waya Mbele ya Mgeni Rasmi

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe pale Songea, mwanangu, baridi imenishika vidole, nami nimesimama peke yangu kwenye maabara ya shule nikitazama mrija wa kioo uliokuwa unanionyesha jambo nisilolitaka. Asubuhi hiyo ndiyo nitakayokusimulia. Wazee wenzangu wakikaa na vijana huanza kwa kujuta, mara waliuchezea ujana, mara hawakuwasikiliza wakubwa. Mimi leo nitajisifu. Nimefika umri ambao mtu akijisifu watu husema anatoa nasaha, na sioni sababu ya kuiacha nafasi hiyo inipite.

Mimi ni mwanamke wa kemia. Kazi ya maisha yangu imekuwa kuichukua hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi, kwenye injini na hata kwenye pumzi yako wewe mwenyewe, na kuigeuza kwa umeme iwe kitu chenye faida. Siku hizi vijana wanaikimbilia kazi hii kwa sababu dunia inazidi joto na kila mtu anaiogopa hewa hiyo. Nilipoanza mimi, nikisema nataka kugeuza hewa, watu walinitazama kwa huruma na kuniuliza kama nimeshakula.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa, ni ngumu kuifanya. Hewa ya ukaa ina uvivu wake. Ni kile kinachobaki kitu kikishaungua, na haina hamu ya kuwa kitu kingine. Ukiipitisha kwenye maji, ukatumbukiza vipande viwili vya metali na kuviunga na umeme, bado inaweza kukaa kimya mpaka metali yenyewe iwe ya aina inayofaa. Metali hiyo tunaiita kichocheo, nami huwaambia wanafunzi wangu kwamba kichocheo ni mshenga. Anawakutanisha watu, anasukuma maneno yaende, na ndoa ikishafungwa yeye anarudi kwake kama alivyokuja. Wasichana huelewa haraka kuliko wavulana, sijui kwa nini.

Nilizaliwa Maposeni, lakini baba alipofariki mama alinichukua tukahamia Songea mjini, mtaa wa Majengo, akapanga vyumba nyuma ya maduka na kuanza kupika komoni. Kama huijui, komoni ni pombe ya mahindi na kimea cha ulezi, nzito, ya kumshibisha mtu aliyetoka kulima. Komoni ndiyo iliyonisomesha. Kanisani kulikuwa na akina mama waliomsalimia mama yangu bila kumpa mkono, na misa ikiisha waume zao walikuwa wanapita mlango wetu wa nyuma. Mama aliwahudumia wote kwa heshima na hakumtaja hata mmoja wao kwa mkewe. Nampenda mama yangu kwa mambo mengi, na hilo ni mojawapo.

Shahada ya kwanza niliimaliza Dar es Salaam katika miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Niliporudi Songea maduka ya Majengo yalikuwa yamejaa tena, sabuni za kila rangi, redio kaseti, betri za gari, na mitumba imemwagwa chini kwenye maturubai. Ruksa ilileta vitu, lakini pia serikali ilianza kusema kwamba wanaosoma nao wachangie, na mimi niliyetaka kuendelea na shahada ya pili sikuwa na wa kunilipia. Basi nikapata kazi ya muda kwenye sekondari niliyosoma. Nilikuwa na kipande cha shaba safi alichonipa mhadhiri wangu wa chuo, na ahadi yake kwamba nikipata matokeo ya kuonyesha na mtu wa kunigharamia, nafasi yangu kwake ipo.

Mwalimu Haule, aliyenifundisha kemia pale pale shuleni, alinipa ufunguo wa maabara. Alikuwa mzee mwembamba, koti lake jeupe limetobolewa na asidi mpaka likawa kama chujio, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia anunue jingine. Umeme wa jenereta la mji ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilitumia betri ya gari. Betri hiyo alinichajia Mzee Rashidi, mfanyabiashara wa korosho kutoka Nakapanya, Tunduru, aliyekuwa amefungua duka la vipuri Majengo. Hakunitoza kitu. Alisema inampendeza kumwona binti anahangaika na jambo ambalo si mwanaume.

Ikabaki hewa yenyewe. Sikuwa na mtungi wa gesi, na asidi ya shule ilikuwa haba, imetengwa kwa ajili ya mitihani. Hapo ndipo nilipolikumbuka jaba la mama, lile pipa la plastiki analochachushia komoni. Komoni inapochacha hutoa hewa ya ukaa kutwa nzima. Ukiingiza njiti ya kiberiti inayowaka ndani ya jaba, inazimika. Nikatoboa kifuniko, nikachomeka mpira, nikaziba kwa nta, na jaba likapandishwa kwenye mkokoteni hadi maabara. Mkuu wa shule alipouliza kinachonuka vile ni nini, Mwalimu Haule alimjibu kwa uso mkavu kwamba ni chanzo cha gesi.

Nilifanya kazi ile kwa wiki nyingi bila kuona kitu. Halafu alasiri moja nilichota maji kidogo kutoka kwenye chombo changu, nikayatia kwenye dawa ya rangi ya chungwa ambayo kila mwanafunzi wa kemia anaijua, nikapasha moto, na dawa ikageuka kijani. Dawa ile hugeuka kijani ikikutana na kileo. Maana yake, nilidhani, ni kwamba shaba yangu ilikuwa imeichukua hewa na kuifanya spiriti. Nilimwita Mwalimu Haule. Alitazama mrija, akatazama dirisha, akatazama tena mrija, kisha akavua miwani na kuifuta kwa koti lenye matobo. "Dafroza," alisema, "hii wameifanya wachache sana duniani."

Habari ikaenea kabla sijafunga mlango. Mzee Rashidi alikuja mwenyewe, kofia kichwani, akauliza swali la mfanyabiashara.

"Kwa hiyo hata moshi wa lori langu unaweza kuwa spiriti?"

"Kama inawezekana kwa hewa hii, mzee, inawezekana kwa ile."

"Basi Inshallah masomo yako ni juu yangu. Waonyeshe watu, nami niwepo niwaone wakiona."

Ofisi ya elimu nayo ikaipenda habari ile, ikapanga siku ya maonyesho pale shuleni, na ikaahidi kuleta mgeni rasmi kutoka mkoani. Mama aliambiwa atakaa kiti cha mbele. Mwanangu, sitaki nikudanganye, ile ndiyo sehemu iliyonigusa kuliko ahadi ya Mzee Rashidi. Wale akina mama wa kanisani walianza kumpa mkono. Mmoja alimwambia kwamba komoni yake imekuwa sayansi. Mama alishona kitenge kipya, akakivaa ndani ya chumba kukijaribu, akanigeukia na kuuliza kama mabega yamekaa sawa. Yalikuwa yamekaa sawa.

Sasa ndiyo tumefika asubuhi ile. Jana yake nilikuwa nimeweka maji mapya, nimeunga mpira wa jaba na kufunga nyaya za betri, nikaacha kila kitu kifanye kazi mpaka kesho ili nipate cha kuwaonyesha wageni. Nilipoingia nikaona waya mmoja umechomoka kwenye betri na kuning'inia. Umeme haukuwa umepita hata kidogo. Nikasikitika, nikasema sitakuwa na kitu. Nikachota maji yale kwa mazoea tu, nikayapima. Yakageuka kijani.

Nilikaa kwenye stuli. Nilijua mara moja, lakini kujua na kukubali ni safari mbili. Nikabadilisha maji, nikaiondoa betri kabisa na kuiweka sakafuni, nikaruhusu hewa ya jaba ipite. Kijani. Nikabadilisha tena, nikafunga betri vizuri na kulitenga jaba. Chungwa, haikubadilika hata nilipoipasha moto kupita kiasi. Shaba yangu haikuwa imefanya lolote. Hewa ilipotoka kwenye jaba ilikuwa inabeba mvuke wa pombe, inaushusha kwenye maji yangu, nami nilikuwa naipima komoni ya mama yangu na kuiita uvumbuzi. Nadhani katika wanakemia wote wa dunia, kosa lile angeweza kulifanya binti wa mpika pombe wa Songea tu.

Nilimweleza Mwalimu Haule alipofika. Alisikiliza mpaka mwisho, akatembea hadi mlangoni, akaufunga. "Leo usiseme," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sema waya ulichomoka usiku, maonyesho yaahirishwe. Si uongo, ulichomoka kweli. Tutatengeneza mambo taratibu." Alikuwa ananihurumia, na najua alikuwa anajihurumia na yeye, kwa sababu mzee yule alikuwa amefundisha maisha yake yote na kile ndicho kitu cha kwanza kilichomletea mgeni rasmi. Sikumchukia. Nilimwambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kilichotokea, si nilichotaka kitokee." Alinikasirikia, tena sana. Akaniambia nifanye ninavyoona, akatoka nje.

Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anapasi kitenge kwa pasi ya mkaa. Nilimweleza kwa lugha ya nyumbani, bila mambo ya dawa na mirija. Nilimwambia kwamba kile nilichokipata hakikuwa kipya, kilikuwa komoni yake, na kwamba nikisema hivyo mbele ya watu watacheka, na watakayemcheka kwanza ni yeye. Nilimwambia pia kwamba Mzee Rashidi huenda akajitoa, na masomo yataishia hapo. Aliiweka pasi juu ya kigae. Niliogopa. Nilikuwa nimemvumilia kila mtu mjini pale, ila huzuni ya mama sikuiweza.

"Kwa hiyo wanayoisifia ni komoni yangu," alisema hatimaye.

"Ni yako, mama."

"Basi waambie ni yangu. Komoni yangu sijawahi kuiuza kwa jina la mtu mwingine." Akaishika tena pasi. "Na mimi kiti cha mbele nakaa. Wameshaniambia, siwezi kuwarudishia."

Mchana ulipofika ukumbi ulijaa, walimu, wanafunzi, watu wa Majengo, na wale akina mama wa kanisani mstari mmoja. Mgeni rasmi alikuwa na hotuba mkononi. Nilisimama mbele ya meza, nikaeleza nilivyofikiri na nilivyofanya. Nikawaonyesha dawa ikigeuka kijani, na watu wakapiga makofi. Nikainua mkono wakanyamaza. Nikauchomoa waya wa betri mbele ya mgeni rasmi, nikauweka juu ya meza ili kila mtu auone, nikaacha hewa ipite kwenye maji mengine, nikapima tena. Ikageuka kijani vile vile. "Mnaona," nikasema, "umeme haupo na kileo kipo. Hiki ni kileo cha komoni ya mama yangu, kimebebwa na hewa. Mimi bado sijageuza chochote."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba hiyo basi ni kemia ya kilabuni, na ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mgeni rasmi naye alicheka, akaikunja hotuba yake, akaagana na mkuu wa shule. Mama alikaa wima. Hakuinamisha kichwa, wala hakutabasamu ili aonekane hajaumia. Aliniangalia mimi tu, mpaka watu walipotoka.

Mzee Rashidi alibaki. Alinijia, nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ile. "Marahaba, binti. Umenifedhehesha kidogo," alisema. "Niliwaambia watu wa Tunduru nzima. Mimi ni mfanyabiashara, siwezi kuweka mali yangu kwenye kitu ambacho mwenyewe umesema hakipo." Nilimwambia nimeelewa. Alipofika mlangoni akageuka na kusema betri nimpelekee kama kawaida, hilo la kuchaji halina neno.

Usiku ule nililia, kwa nini nifiche. Lakini sikulia kwa kujuta, na hapo ndipo ninapojivunia mpaka leo. Ningeweza kunyamaza. Songea nzima hakukuwa na mtu ambaye angenigundua, na mhadhiri wangu alikuwa mbali. Ningeenda kusoma kwa mali ya Mzee Rashidi, na siku moja mtu mwingine angeuchomoa waya kwa niaba yangu, mahali ambapo mama hayupo kunitazama.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mwalimu Haule maabara, amekwisha kufungua madirisha. Hakuomba radhi, wazee wa zamani hawakuwa na desturi hiyo. Aliniuliza tu hewa ile tutaisafishaje. Tukaanza upya. Tuliipitisha kwenye chupa za maji baridi, kisha kwenye mkaa uliosagwa, tukaipima kila siku betri ikiwa imechomolewa, mpaka dawa ya chungwa ikabaki chungwa. Mama aliendelea kuniletea jaba kwa mkokoteni, na watu wa njiani wakimtania kwamba anapeleka pombe shule, aliwajibu kwamba walimu wana kiu. Kisha nikaipaka shaba risasi ya kuchomelea redio, kwa kuwa shaba peke yake ilikuwa imenigomea. Sitakueleza kila kilichoharibika, ingekuwa hadithi nyingine na ndefu. Mvua zikaja, zikaisha, mahindi yakavunwa.

Tulichokipata mwishowe hakikuwa spiriti. Kilikuwa asidi, ile ile iliyomo kwa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaokaa kwenye mikorosho. Asidi hiyo ukiikutanisha na dawa yenye madini ya fedha na kuipasha moto, fedha hujipaka kwenye ukuta wa mrija na kuufanya kioo cha kujitazamia. Nilifanya onyesho darasani, bila mgeni rasmi. Walikuwepo wanafunzi wangu, mama, Mwalimu Haule, na Mzee Rashidi, ambaye sikumwalika. Alikuwa amekuja kunirudishia betri akaamua kukaa. Nilipomwambia asidi yenyewe ni ya majimoto, aliguna. "Hao nawajua," alisema, "wameshaniuma kila mahali."

Fedha ikaanza kujipaka, kwanza kama ukungu, kisha ikang'aa. Wanafunzi walisimama juu ya madawati. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Rashidi aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Na ukichomoa waya, binti?"

Nilikuwa na mrija wa pili pembeni, wa maji yaliyopitiwa na hewa ile ile siku nzima bila umeme. Nikaupasha moto mbele yake. Ukabaki mweupe kama ulivyokuwa. Mzee yule aliutazama huu, akautazama ule, akasema Alhamdulillahi, na nauli yangu ya Dar es Salaam akaitoa yeye, na ada pia. Mama aliomba ashike mrija wa kwanza. Aliugeuza mpaka akajiona, akarekebisha kilemba chake, akamrudishia Mwalimu Haule kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, nimeifundisha kwa watoto wa watu, na kuna vichocheo vizuri kuliko risasi ya redio ambavyo wanafunzi wangu ndio waliovitengeneza. Najivunia vyote. Lakini ukiniuliza ni siku gani nilikuwa mwanakemia, nitakwambia ni ile ya kicheko, si ile ya kioo.

Basi mwanangu, wewe unayeanza, nasaha yangu haina mapambo. Ukipata kitu kinachokufurahisha sana, kabla hujamwita mtu, ondoa kile unachodhani ndicho kilichokileta, uone kama bado kipo. Kikiendelea kuwepo, kubali siku hiyo hiyo. Fanya hivyo kwenye maabara, na fanya hivyo hata kwenye mambo yako mengine, maana nimewaona vijana waliooana kwa ajili ya gari, gari likaharibika na ndoa nayo. Ukikosea, likiri kosa lako wewe wa kwanza, kwa sauti, mbele ya wale wale waliokupigia makofi. Watakucheka. Kicheko kinaisha, na wewe utakuwa bado unaweza kuamini unachokiona kwa macho yako. Na usimkasirikie anayekuuliza ukichomoa waya inakuwaje. Mpe kiti, huyo amekuelewa.

Mungu akupe matokeo mema, mwanangu, na akupe ujasiri wa kuyatilia shaka kabla ya watu wengine. Akupe walimu wanaorudi asubuhi baada ya kukasirika. Na siku yako ya kuchekwa ikifika, akupe mtu mmoja anayejua tangu nyumbani utakachokwenda kusema, na bado akavaa nguo yake mpya akaja kukaa kiti cha mbele.